Hesabu ya Elfu Kumi

Bibiana, fedha yako imefika.
Wakala wa Magomeni alikata chake kwanza,
akanipa noti tano chakavu za elfu mbili mbili,
moja imeandikwa kwa kalamu: *Chilumba nakudai*.
Sijui Chilumba ni nani. Nimeshaitumia.

Ulisema: nenda Mikindani ukatazame kwa niaba yangu,
maana huku Bergen mzee mmoja wa makumbusho
ameniuliza kwetu kuna nini cha kuona,
na mimi, niliyekulia kilomita kumi kutoka hapo,
nikajibu: bahari.
Na bahari yeye anayo mlangoni.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.
Niko mwaka wa pili chuo cha ualimu,
nafundishwa kufundisha Historia,
na Mikindani naijua kwa dirisha la basi la Lindi,
kichwa kimelalia kioo, udende shavuni.

Haya, hesabu.
Bodaboda kwenda: elfu tatu. Alitaka tano.
Nikamwambia mie mwanafunzi.
Akasema hata yeye anasomesha,
pikipiki yake inasoma petroli.
Ming'oko, fungu moja: mia tano,
na pilipili ya kusaga kwenye kipande cha gazeti.
Niliila nikitembea, nikikumbuka sauti yako
ukinong'ona ndani ya basi la usiku kwenda Oslo:
mayai sita ya kuchemsha, umeyavika soksi yasivunjike,
na kahawa uliyoisoma bei mara tatu
ukaishia kuinusa.

Mbele ya Boma nilisimama
kama wewe mbele ya jumba la mfalme.
Nje.
Siku hizi ni hoteli. Mlinzi, kijana wa Nanguruwe,
akasema kuingia bure, ila ukikaa unaagiza.
Soda moja humo ni mafungu sita ya ming'oko.
Nikasema sikai.
Nikapanda nimesimama, nikatazama nimesimama,
nikashuka vilevile.
Huko juu niliona mabati, na kati ya mabati
nyumba za mawe zilizobaki kuta,
na mti umeota katikati ya sebule ya mtu,
umetoa matawi madirishani,
na hakuna anayeudai kodi.

Mlango mmoja wa nakshi niliupima kwa viganja.
Kumi na viwili kwenda juu.
Nilikuwa cha tisa alipotokea mwenyewe, Bi Somoe,
akadhani nimetumwa na halmashauri kuja kubomoa.
Nikamwambia natazama tu,
kwa niaba ya ndugu yangu aliye Ulaya.
Akanyamaza.
Akashika upindo wa kanga, akaufuta mlango vumbi,
polepole, kama anayemfuta mtoto uso kabla ya picha.
Kisha akauliza: huyo nduguyo huko anakula nini?
Nikasema mayai.
Akaingia ndani, akarudi na mhogo wa kuchoma,
akanifungia na wa kwako.
Huu sijui niuandike safu ipi.
Wa kwako nimekula mimi, nisamehe.

Bando la kukutumia picha: elfu moja.
Picha haijaenda mpaka sasa, inazunguka tu.
Kurudi nilitembea, kubana matumizi,
ndara ikakatika kabla sijafika Mangamba.
Fundi, sindano na uzi: mia tano.
Lori la saruji likanionea huruma, nikakaa juu ya mifuko,
nikashuka Mtwara mweupe kope hadi vidole.
Wenzangu bwenini wakauliza, kwani na wewe
umerudi kutoka kwenye theluji?

Mzee yule akikuuliza tena, usimtajie bahari.
Mwambie kuna mlango, viganja kumi na viwili,
na mwenye mlango anauliza unakula nini.

Elfu tano imebaki, iko ndani ya daftari la Historia.
Kuirudisha huko, makato yataimeza yote.
Ng'ambo ya pili kuna Msangamkuu,
nauli ya pantoni si kitu,
na huko nako sijawahi kufika.
Niende?