Deni Ukutani

Mkomani, kichochoro chetu hupata jua
dakika kumi na moja tu, saa nne hivi.
Nimezihesabu kwa siku tatu,
mgongo ukutani, nikiwapisha punda wenye saruji.

Nyumba ya kina Bi Mwanashali haina dari.
Boriti zimeanguka zote ila moja,
nayo popo wameipanga.
Chokaa yabambuka kama ukoko wa wali.
Zidaka tupu, safu juu ya safu;
kimoja kina kandambili, mguu wa kushoto.

Nilitaka picha ya zidaka tu.
Jua likateremka, nikasogeza lenzi,
na pale chini, kwa kalamu ya risasi:
Famau wa Matondoni. Boriti, korija mbili.
Hajalipa.

Famau wa Matondoni ni babu yangu.

Nikashusha kamera. Nikaipandisha.
Kidole kikasita juu ya kitufe
kama mtu aliyeitwa jina sokoni.

Mvua ya mwaka huu imeulaza ukuta ule.
Deni limebaki kwangu, kwenye karatasi ya kung'aa,
mwandiko wazi, hata nukta.

Bi Mwanashali ameitazama, akacheka, akauliza:
"Korija siku hizi shilingi ngapi?"

Nami tangu jana naulizia bei.