Dhahabu Ina Wivu

Nyanya alikiacha ndani ya kopo la mafuta ya nywele,
kimefungwa kwa kipande cha leso iliyopauka:
kishaufu cha pua, chembamba kama ukucha wa mtoto.
Hiki, alikuwa akisema, kimetoka Maskati.
Kila Idi tulisikia Maskati.
Kila Idi tulinyamaza.

Sasa Raudha wangu ana miaka kumi na tisa
na hana ndewe wala sikio kwa jambo jingine:
harusi ya Ummukheri ni wiki tano zijazo,
ataingia ukumbini na kishaufu cha nyanya
au haingii.

Nikamwambia, basi si kwenye lile duka la simu
wanakotoga kwa bunduki ya plastiki
kati ya kuuza kava na kuuza chaja.
Huko ndiko sikio la Hidaya liliumuka kama andazi.

Tukaenda Kibokoni, ghorofa ya kwanza,
kwa Zeyana, aliyeacha uuguzi akabaki na mikono yake.
Ananawa hadi viwikoni kama anayetawadha,
anavaa glavu, ndipo anakuonyesha sindano
ingali ndani ya karatasi yake.
"Itazameni. Ikiwa imefunguka, niambieni niitupe."
Nikakumbuka mwiba wa mndimu, uzi mweusi,
mimi na miaka sita, kichwa kimebanwa magotini,
na nyanya akinipulizia jeraha kwa pumzi ya tambuu.

Raudha akafungua kitambaa.
Zeyana hakukigusa. Alikitazama
kama mtu anavyomtazama mposaji asiye na kwao.
"Kidonda kibichi hakivishwi kitu kisichojulikana.
Kipelekeni kwa sonara kwanza."

Sonara Hasmukh alikisugua kwenye jiwe lake jeusi,
akadondosha tone la tindikali.
Ule mstari wa manjano ukatoa povu la kijani,
ukatoweka.
Akafuta jiwe kwa kidole gumba.
"Shaba, mama. Imepakwa. Tena si mara moja."

Raudha ndiye aliyecheka kwanza, njiani,
mbele ya muuza viazi karai.
Mimi nilikuwa naiona pua ya nyanya,
ile alama nyeusi, ule ukurutu usiokwisha,
mafuta ya nazi kila usiku,
na jibu lake tulipomuuliza kwa nini panamwasha:
Dhahabu ina wivu, mwanangu.

Kuna mwaka babu alifungiwa duka.
Mwaka ule, nyumbani kwetu, hakuna aliyelala na njaa.
Sikuwahi kuuliza.

Tulirudi kwa Zeyana Jumatatu.
Akatoa kipini cha titani, kichwa chake punje ya mtama,
mguu mrefu kidogo, maana pua itavimba kabla ya kukubali.
"Hakina nikeli," akasema. "Hakina na hadithi."
Sindano ikapita.
Chozi moja, la jicho la upande uleule,
wala halikuwa la kulia.

Kisha mashariti, na Zeyana hasemi mara mbili:
maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi na jioni.
Si liwa. Si dawa ya meno, hata shangazi akiapa.
Usikizungushe, usikichezee, badilisha foronya.
Pakipata moto, pakitoa usaha, nenda kwa daktari,
usikichomoe mwenyewe, tundu litafunga na uchafu ndani.
Miezi minne, labda sita.
"Na harusi?" Raudha akauliza.
"Pua haisomi kadi ya mwaliko."

Usiku wa harusi, chini ya taa kali za ukumbi,
punje ya mtama ilimeta kidogo sana.
Mashangazi wakainua shingo.
Kishaufu cha nyanya kiko wapi?
Raudha akageuza mkoba wake:
alikuwa amekishona pembeni, juu ya kitambaa,
mahali pasipo na ngozi.
Bi Khuleta akainama, akasogeza miwani.
"Ndicho kile cha Maskati?"
Mwanangu akanitazama.
"Ndicho," nikasema. "Na dhahabu ina wivu.
Haitaki pua nyingine."