Nyumba Nne

Nimekaa koridoni, beji ya mkalimani shingoni,
nangoja jina la Feza liitwe.
Kosa lake: taa moja ya gari, leseni iliyokwisha.
Msafishaji, mzee Delmar Kozisek, ameegemea ufagio
anazihesabu mahakama za kaunti hii
kama mjane anayehesabu waume.

Ya kwanza ilikuwa ya mabonge ya udongo,
majani ya Nebraska yakiota juu ya paa.
Mvua ikinyesha, hukumu iliahirishwa.
Siku moja nyoka alidondoka katikati ya kiapo
na shahidi akasema yote, hata asiyoulizwa.
Mashauri yalikuwa ya mipaka na ng'ombe;
hakimu naye alikuwa na ng'ombe.
Kesi ya nyani, kitini ngedere.

Ya pili, ya mbao, iliibwa.
Nyumba inaibwaje?
Kwa farasi, anasema, na theluji.
Wanaume wa Varley walikuja usiku na minyororo
wakaiburuta maili kumi na mbili,
maana palipo na mahakama ndipo reli itasimama.
Karani alikuwa amelala masijala.
Aliamkia mji mwingine,
akafungua dirisha la kodi saa mbili kamili.

Ya tatu ilikuwa ya mawe, ina kuba,
na saa ya nyuso nne, kila uso na wakati wake.
Iliungua mwaka wa vumbi,
wiki moja kabla ya mashamba kupigwa mnada.
Hati za madeni zote, majivu.
Hakushtakiwa mtu.
"Babu yangu," anasema Delmar,
kisha anafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Na hii?
Matofali, paa bapa, zulia lenye unyevu,
mashine ya kukagua mikanda.
"Hii haina hadithi."

Feza anaitwa. Wanakosea jina, anaitika.
Karani anauliza lugha gani, inaandikwaje;
namtajia herufi, moja moja,
naye anazipiga kwa kidole kimoja.
Feza anainua mkono,
wa kulia, wenye kovu la kisu cha kiwanda cha nyama,
na kiapo chake kinapita kinywani mwangu.

Faini, dola sabini na tano.

Mlangoni Delmar ananizuia:
lile neno la kwenye kiapo, mnalitamkaje?
Kweli, namwambia.
Analijaribu mara mbili, taratibu,
akitazama ng'ambo ya maegesho
ilikokuwa kuba.