Waya wa Kurudi

Walinikuta kibandani, pale stendi ya Mikindani,
nimeinamia chaja ya pikipiki.
Bwana Lourens, kofia imeliwa na chumvi,
akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza:
"Betri imekufa. Tena."
Moja aliitupa Nacala, nyingine Pemba.
Hii ya tatu nayo nimwagizie badala yake Dar.

Nikasema, kwanza niione maiti.

Betri ililala chini ya kitanda cha mkewe,
ndani ya ile boti yao ya matanga.
Nilizima swichi zote, nikafungua madirisha, nikakaa.
Betri inayochajiwa hupumua hewa isiyo na harufu,
na cheche moja tu huigeuza kuwa taarifa ya habari.
Mama akauliza, "Unangoja nini, fundi?"
Nikasema, upepo.

Mwalimu Chinguile wa VETA alitukaririsha
hadi wasinziaji wakaota:

    Hasi uanze kutoa,
    pete nayo kuchomoa,
    roho upate okoa;
    hasi mwisho kurudisha.

Pete nikavua. Ni ya ndoa ya pili, hutoka kwa sabuni.

Mita kwenye vichwa vya betri: kumi na mbili nukta sita.
Maiti gani huyu mwenye mapigo ya kijana?
Nikawasha pampu, nikapima kule tumboni kwa boti inakonyonya:
tisa, na inatetemeka.
Volti tatu na ushei zimepotelea njiani
kama michango ya harusi.

Kila mtu hukimbilia waya mwekundu.
Mwekundu una swichi, una jina lake kwenye kibao.
Mweusi unarudi kimya nyuma ya makabati,
na arudiye hakuna amuulizaye
kama njia ilikuwa njema.

Niliufuata kwa vidole,
shavu limegusa mbao, tochi nimeing'ata,
hadi nyuma ya choo, chini ya bomba linalodondoka.
Hapo. Kiungo kimevaa unga wa kijani
kama senti iliyosahauliwa kisimani.
Nikakata. Ndani bado kweusi.
Nikakata tena, shibiri nzima,
maana chumvi hupanda ndani ya mpira
kama mafuta kwenye utambi.

Waya mpya, shaba iliyopakwa bati.
Nikabana, nikavuta kwa uzito wangu wote
(usipouvuta wewe, wimbi litauvuta),
nikauvika mpira wa joto, nikapaka grisi.
Na kwenye chanya, karibu kabisa na betri,
nikaweka fyuzi ambayo mjenzi aliisahau.
"Hii," nikamwambia, "kazi yake ni kufa kabla yenu."

Hasi ikarudi mwisho. Hata cheche.
Pampu ikaguna, ikatapika maji ya siku tatu.
Mama akacheka, akamimina chai.
Bwana Lourens hakunywa. Alikuwa kimya,
nadhani alikuwa Nacala, alikuwa Pemba,
akiokota betri zake mbili nzima.

Usiku umeme ukakatika mji mzima,
ingawa gesi iko hapo Msimbati, mwendo wa pikipiki.
Ghubani ikabaki taa yao moja.
Nikakaa kizingitini namenya ming'oko ya moto,
nikamkumbuka Mfaume.
Nilimwacha nikiapa kwamba amekwisha.
Nikamleta Nandonde, na tangu masika
naona naye anafifia,
na shangazi wameanza kunitajia wengine.

Wote wawili niliwapima kwenye vichwa.
Sikuwahi kutambaa nyuma ya choo
na tochi mdomoni.

Pete bado imo mfukoni,
imegongana na kile kipande cha waya mbovu
hadi imepata unga wa kijani.
Nandonde anakuja kesho kutoka Newala, basi la saa nne.
Nitamuuliza njia.