Mgane Dirishani

Binti wa dirishani ananiuliza hali yangu.
Nasema, mzima, namshukuru Mungu.
Anatabasamu. "Hali ya ndoa, mzee."

Mgane, basi. Neno la darasa la nne,
sikujua lilikuwa likinisubiri mbele
kama koti la kaka mkubwa.

"Cheti chake cha kifo?"

Cheti sina. Nina kaburi,
Mbokomu, chini ya mfereji, penye mibuni mitatu
iliyosalia majirani walipong'oa yao.
Nina msalaba wa saruji nilioumwaga mwenyewe,
mimi fundi, sikumwachia mtu,
NDESHUKURWA, na ile A ya mwisho ilikosa nafasi
ikapanda juu ya mstari kama mtoto mgongoni.
Nina miaka saba ya chai ya kikombe kimoja.

Binti anasema, kwa upole tu,
"Kaburi haligongwi muhuri."

Nikarudi mlimani. Kibali cha mazishi
kilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo,
kimekunjwa mara nne, panya kaila tarehe.
Mtendaji akaandika barua. Balozi akatia sahihi.
Mbokomu, Moshi, Mbokomu, Moshi,
nikitafuta uthibitisho wa jambo
ambalo kila alfajiri nimeliomba liwe uongo.

Cheti kikatoka. Jina limechapwa sawasawa,
A imekaa kwenye mstari na wenzake.
Hapo ndipo nilipokaa kwenye ngazi za ofisi
nikalia kile kilio ambacho siku ya msiba,
kwa kuhesabu viti na masufuria,
sikukipata.

Nakiete hakunishika bega.
Alikaa ngazi moja chini yangu, akakisoma chote,
mpaka namba, mpaka jina la msajili,
kama barua aliyoandikiwa yeye.

Tukarudi dirishani. Picha ndogo, vitambulisho,
majina ya mashahidi wawili.
"Ndoa ya mke mmoja,
au inayotarajiwa kuwa ya wake wengi?"

Swali la fomu tu. Kila mtu huulizwa.
Lakini ulimi wangu ukakwama,
na foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa.

"Andika mmoja," Nakiete akamwambia binti.
"Yule wa kihambani nitampalilia mimi."

Sasa tangazo letu liko ubaoni,
chini ya mnada wa trekta bovu.
Siku ishirini na moja; mwenye pingamizi ajitokeze.
Nikitoka saiti Pasua napitia kulitazama.
Mvua imelowesha kona, jina la baba yangu limevimba.
Siku ya kumi na nne nilimkuta mama amelikodolea macho,
moyo ukanidunda.
Kumbe anatafuta jina la mwanawe
kwenye orodha ya vibarua wa sensa.

Jumamosi tukapanda Mbokomu, Nakiete na jembe lake.
Nilikata jani la isale, nikalifunga fundo,
nikaliweka juu ya saruji. Sikusema neno.
Mwenye haki ya kupinga kuliko wote
alinyamaza. Mfereji ulikuwa unapita.

Nakiete akainama, akafuta ukoga kwa kiganja.
"Hii A," akauliza, "mbona uliipandisha huku?"

Nikamwambia, nafasi iliniishia.