Inchi ya Akiba

Daftari la mama lina picha ya twiga kwenye jalada,
kona zimeliwa na mende,
kurasa zinanuka mafuta ya cherehani.
Nimelifungua barazani kwetu, Kiusa,
kompyuta upande huu, chai upande ule,
naingiza watu wa Moshi kwenye jedwali, mmoja mmoja.

Ndekirwa: kifua arobaini na mbili,
bega la kushoto chini nusu inchi,
na mwandiko wa mama pembeni: magunia ya kahawa.
Jedwali halina mahali pa magunia.
Nikaongeza safu, nikaiita Mengineyo.

Manka wa Kibosho: kiuno ishirini na sita,
kimekatwa, ishirini na nane,
kimekatwa, thelathini na tatu,
kisha kalamu nyekundu: mapacha.

"Na huyu Aikande?"
"Tulimzika mwaka wa mvua ile."
"Nimfute?"
Mama hakuinua macho kwenye pindo.
"Kwani humo anakula nini?"

Sasa hivi oda zinaingia usiku,
Dodoma, Muskati, mtu wa Kahama asiyetaka kutaja jina,
miili imekuwa namba, namba zinalia mfukoni mwangu.
Programu niliyoilipia kwa mkopo wa kikoba
inavipanga vipande juu ya kitenge,
vinalala mzungu wa nne,
mkono wa shati kwapani mwa sketi,
hakuna kinachobaki ila nyuzi.
Sandarusi la mabaki chini ya meza
lililokuwa likijaa kila Ijumaa
lina wiki ya tatu, halijafika nusu.

Nikamwonyesha mama kwa majivuno.
Akavaa miwani, akavua futi shingoni,
akapima karatasi, akapima tena.
"Inchi yangu iko wapi?"

Ile ya ndani. Ile isiyoonekana
mpaka siku mtu anapoihitaji.
Programu ilikuwa imeipaka rangi nyekundu,
ikaiita upotevu.

Gauni la kipaimara la Elinaike
lilifumuliwa ubavuni mara mbili,
likavaliwa na wadogo zake wawili,
mmoja mnene, mmoja mrefu kama mgomba,
leo ni foronya kwa bibi yao, Machame,
jalala halijaliona bado.
"Kule semina mnaliitaje jambo hili?"
Nikamwambia: uendelevu.
Akalitafuna neno pamoja na pini alizozibana mdomoni.
"Refu," akasema.
"Sisi tulisema tu, acha inchi, mtoto anakua."

Sikumjibu. Nilikuwa nimekasirika, kusema kweli,
mkopo ule nilikuwa nalipa mimi.

Ameshalala. Natafuta kwenye mipangilio,
ziada ya mshono, sentimita moja,
naandika mbili na nusu.
Vipande vinashtuka, vinasukumana,
sketi inamtoa shati kwapani,
mfuko unahamia pembeni kama mgeni asiye na godoro.
Mabaki yanapanda, asilimia nne. Nne na nusu.
Kwa Desemba hii, watu wakirudi nyumbani wote na sare zao,
ni yadi nyingi, nimezihesabu.

Nikabonyeza hifadhi.

Aikande yumo, mstari wa mia na nne,
kifua thelathini na nane, mikono mirefu,
hali kitu.