Karatasi ya Pili

Sista Godelieve alipita nyuma yetu na rula.
"Nukta moja, vidole viwili vya hewa," alisema,
na aliyesahau alirudia ukurasa mzima
hadi kengele ya saa sita.
Nimezeeka na hewa ile mkononi.
Gumba langu hupiga mara mbili
hata ninapogonga meza nikingoja chai.

Nsimire, mtoto wa dada yangu, ana kompyuta yake
upande ule wa kibanda, penye soketi.
Anasema nafasi moja yatosha, dunia nzima imeshakubali,
sentensi si wakwe hata ziogope kukaribiana.
Mimi humjibu kwamba msomaji naye ana mapafu,
kwamba nukta isiyo na uwanja
ni mlango unaofungukia barabarani.
Anacheka. Mwaka wa tatu huu tunabishana.
Watu wa Nyawera wametuzoea:
kwake huenda na barua za kuomba kazi,
kwangu huja na malalamiko.

Jana umeme ulikatika kabla ya saa nne.
Olimpia yangu haijui habari za umeme.
Akaja Mama Chibalonza kutoka Kadutu,
matope hadi vifundoni,
kitambulisho cha mumewe ndani ya mfuko wa sukari.
Alisema kwa Mashi; vidole vyangu vikaandika
Kifaransa cha serikali.
Parsele. Ukuta wa jirani, uliosogea hatua tatu usiku mmoja.
Mume alishuka Kamituga kutafuta dhahabu. Hakurudi.  Hati ya nyumba
ilikwenda na mvua, pamoja na nusu ya jiko.
Nikapiga, nikapumua, nikapiga,
kila nukta na vidole vyake viwili,
hadi ukurasa ukaisha na heshima bado ziko nje:
Nakuomba, Bwana Mkuu wa Ardhi, upokee...
mistari miwili tu, na jina,
na mahali pa kidole gumba.

Ukurasa kwangu ni faranga elfu moja.
Ofisini nako kila ukurasa una mhuri wake,
na mhuri haupigwi kwa huruma.
Alifungua fundo la kitenge, akahesabu,
akahesabu tena,
kana kwamba noti huzaa zikihesabiwa.

Heshima haikatwi; afisa asiyeinamiwa hasomi.
Ukuta haukatwi.
Mume je, nimkate mara ya pili?
Nikainua ukurasa kwenye mwanga wa mlango,
nikaona kilichoujaza: weupe,
vijia vyeupe vikiteremka kati ya maneno
kama maji ya mvua yakitafuta nyumba za bondeni.
Miaka thelathini na minane
nimekuwa nikiwatoza wajane bei ya hewa.

Nikachomoa. Nikatia karatasi mpya, bila malipo.
Nikalishika gumba langu
kama mtu amshikavyo mbwa shingoni.
Nukta, pigo moja. Nukta, pigo moja.
Nsimire aliweka simu chini, akasikiliza,
na kwa kuwa ana masikio ya mama yake
alielewa mapema nilichokuwa nikifanya.
Hakusema neno. Namshukuru.
Heshima ziliingia. Jina likaingia.
Chini pakabaki upana wa ukucha.

Mama Chibalonza hajui kusoma.
Alipitisha kidole juu ya mistari, polepole,
kama anayechagua mawe kwenye mchele,
na katikati ya ukurasa kidole kikasimama.
"Hapa kuna tundu. Umesahau nini?"

Nikamwambia ni pale baada ya *hakurudi*.
Kwamba mkono umeponyoka.
Kwamba naweza kuandika upya, si kazi.

Alitazama pale muda mrefu,
nje mtu akipita akiuza makala.

"Usizibe," alisema,
akaninyooshea gumba lake,
nami nikafungua wino.